Ukungu wa Kihansi

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili ambavyo mwanabiolojia angependa vitenganishwe. Ukungu ni ule mvuke mweupe unaolala juu ya mabonde alfajiri. Ukungu pia ni ule uoto wa kijivu unaotanda juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Wanaotaka usahihi husema kuvu kwa maana ya pili, lakini jikoni watu wengi husema mkate umeota ukungu, na hakuna msikilizaji anayedhani kwamba kumekucha. Nimelitafakari neno hili kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mnyama mmoja asiyefika urefu wa sentimita tatu, ambaye aliishi kwa ukungu wa kwanza na ambaye ukungu wa pili ulishiriki kummaliza. Mnyama huyo ni chura wa Kihansi.

Mto Kihansi hutoka katika nyanda za juu za kusini mwa Milima ya Udzungwa, Tanzania, ukateremka hadi bonde la Kilombero, na maji yake hatimaye huingia Rufiji na kufika Bahari ya Hindi. Kabla ya kuufikia uwanda wa chini, mto hupita katika korongo lenye maporomoko yanayofuatana, na katika mwendo wa kilomita chache tu hushuka takriban mita 850. Kwa karne zisizohesabika maji hayo yalikuwa yakigonga miamba na kuvunjika kuwa manyunyu, na manyunyu yakawa yanailowesha miteremko ya pembeni usiku na mchana, masika na kiangazi. Juu ya miteremko hiyo paliota mazulia ya kuvumwani na mimea midogo jamii ya kangaga. Ukiyaunganisha mazulia yote unapata takriban hekta 2, eneo ambalo viwanja vitatu vya mpira vingelifunika. Hiyo ndiyo iliyokuwa dunia nzima ya chura huyu. Hakupatikana penginepo.

Wanasayansi walimtambua mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliokuwa ukifanyika korongoni huku ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza. Maelezo rasmi ya spishi hii mpya, yaliyoandikwa na J. C. Poynton, K. M. Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, B. T. Clarke na J. C. Lovett, yana tarehe ya 1998. Walimpa jina la Nectophrynoides asperginis. Neno la pili limetoka katika Kilatini na maana yake ni ya manyunyu. Kwa hiyo hata katika daftari la sayansi chura huyu hakuitwa kwa rangi yake, wala kwa jina la mtu aliyemwona kwanza, bali kwa kile alichokitegemea.

Ni mnyama wa ajabu kwa namna nyingi. Rangi yake ni ya manjano inayokaribia dhahabu. Jike hufika kama sentimita 2.9, na dume ni mdogo zaidi, asiyefika hata sentimita 2. Hana kiwambo cha sikio kinachoonekana nje, ingawa ndani ya kichwa viungo vya kusikia vimo, na dume huita, kwa sauti ndogo sana ukiilinganisha na ngurumo ya maporomoko anayoishi kando yake. Kubwa kuliko yote ni uzazi wake. Sisi tuliosoma shule za msingi Afrika Mashariki tulichora daftarini duara la maisha ya chura: mayai, viluwiluwi, kiluwiluwi chenye miguu, chura mzima. Chura wa Kihansi hamo katika duara hilo. Mbegu za dume huingia ndani ya mwili wa jike, mayai huanguliwa humohumo, na watoto hukaa tumboni mpaka wakamilike. Ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba kiasi kwamba watoto huweza kuonekana kama vivuli vidogo vyeusi. Wanapozaliwa, mara nyingi kati ya watano na kumi na watatu, kila mmoja ana urefu wa takriban milimita 5, rangi ya zambarau iliyokolea, miguu minne kamili, wala hana mkia wa kuogelea.

Faida ya desturi hiyo haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. Mahali ambapo maji hayatulii, yai lililotagwa na kiluwiluwi kinachoelea vingechukuliwa na mkondo. Mama amekuwa dimbwi. Wala si yeye peke yake katika ukoo wake mwenye siri hii. Tangu mwaka 1905 mtaalamu wa Kijerumani, Gustav Tornier, alikuwa ameandika habari za chura anayezaa kutoka koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, na nasaba nzima ya Nectophrynoides, kwa jinsi inavyofahamika sasa, inaishi Tanzania pekee. Kwa hiyo Kiswahili, kwa bahati, ndiyo lugha ya taifa ya nchi yao wote, nacho hakijawatafutia majina. Tunasema chura, basi. Hatuna hata desturi ya kutenganisha chura wa majini mwenye ngozi laini na yule wa nchi kavu mwenye ngozi ya chunusi, kama lugha za Ulaya zinavyofanya. Sioni kuwa huo ni umaskini. Lakini nauona kuwa ushahidi wa umbali ambao tumewaangalia kutoka kwao.

Methali yetu inayowahusu inathibitisha hilo: kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Wengine husema ng'ombe. Kwa vyovyote vile chura ndiye mnyonge mwenye mdomo, na mwenye kiu ndiye mwenye nguvu. Katika Kihansi tembo alikuja mwishoni mwa karne iliyopita, naye alikuwa na kiu halali. Tanzania ilihitaji umeme. Mradi wa Kihansi ya Chini, uliogharimiwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya, ulikuwa na uwezo wa megawati 180, na mitambo yake ilianza kuzunguka kati ya 1999 na 2000. Wahandisi hawakupapenda mahali pale bila sababu. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na wingi wa maji ukizidishwa na kimo cha anguko lake; mita moja ya ujazo kwa sekunde ikianguka mita 850 hutoa megawati 7 au 8. Mito mikubwa mingi haitoi kiasi hicho kwa tone lilelile. Kimo kilichomfanya chura awepo ndicho kilichouleta mradi.

Maji yakachukuliwa juu ya maporomoko, yakapitishwa katika handaki, yakazungusha mitambo iliyo ndani ya mwamba, kisha yakarudishwa mtoni chini ya korongo. Kilichobaki kupita penye maporomoko kilikuwa takriban asilimia 10. Manyunyu yakakoma. Mazulia ya kuvumwani yakaanza kukauka, na magugu yasiyokuwa na haki ya kuota pale yakaingia.

Yaliyofuata yameandikwa katika taarifa nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa hadi Bronx Zoo, New York. Baadaye wengine wakapelekwa katika bustani nyingine za wanyama, hasa Toledo Zoo katika jimbo la Ohio. Mwaka 2001 korongoni kulitandazwa mabomba yenye vichwa vya kunyunyizia, yakichukua maji ya vijito na kuyarusha hewani ili kuiga kile ambacho mto ulikuwa ukifanya bure. Yalifaulu. Mimea ilirudi, na katikati ya 2003 idadi ya vyura ilikadiriwa kuwa karibu 20,000. Kisha, katika muda wa majuma machache, wakafa. Januari 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likamwandika kuwa ametoweka porini.

Katika maiti zilizochunguzwa kulipatikana kuvu aina ya kitridi, ambaye amewaangamiza vyura katika mabara mengi. Zipo dhana nyingine pia, kama vile tope lililofunguliwa kutoka bwawani likiwa na mabaki ya dawa za mashambani, na huenda sababu zilishirikiana. Lakini utendaji wa kuvu huyu unastahili kuelezwa. Mbegu zake zina kijimkia na huogelea, zinahitaji unyevu. Huingia katika ngozi ya chura, na chura si kama sisi: kwa ngozi anakunywa, kwa ngozi anapumua kwa sehemu, kwa ngozi anasawazisha chumvi za mwili. Ngozi ikiharibika chumvi hupungua, na mwisho moyo husimama. Basi mnyama aliyekuwa amekombolewa na ukungu wa mabomba alikuta humohumo katika unyevu njia ya ukungu mwingine. Kiswahili kimeyasema yote mawili kwa pumzi moja muda wote huu.

Nayaandika haya Najma, mtaa wa zamani kiasi katika jiji la Doha, ambako wafanyakazi wa mataifa mengi wanaishi katika majengo ya ghorofa chache, jirani na Souq Haraj, soko la vitu vilivyokwisha kutumiwa. Najma kwa Kiarabu ni nyota. Sisi tumebaki na jamaa yake katika neno mnajimu. Qatar haina mto hata mmoja, na mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 100. Maji ya bombani, karibu yote, ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi katika viwanda vinavyotumia gesi na umeme. Shirika linalotuletea bili linaitwa Kahramaa, jina lililoundwa kwa kuunganisha kahraba, yaani umeme, na maa, yaani maji. Kule Kihansi umeme na maji viligombana mpaka kiumbe kimoja kikakosa pa kukaa. Hapa vimeandikwa neno moja, na anayeishi hapa Agosti hana nafasi ya kuuliza kipi kinatangulia. Mashine ikizimwa, sote tunaondoka.

Ni rahisi sana, kutoka hapa, kumgeuza chura wa Kihansi kuwa mfano wetu. Alipelekwa ughaibuni. Akawekwa katika visanduku vya kioo vyenye mashine za ukungu, maji yaliyochujwa na taa zenye mionzi ya urujuanimno. Mwanzoni walikufa wengi, kwa minyoo ya mapafu na maradhi ya lishe, mpaka watunzaji wakajifunza mwanga gani na chakula gani kinawafaa. Wakazaliwa wengine ambao hawakuwahi kusikia maporomoko. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, katika maabara iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni, baadaye wakafuatwa na wengine kwa awamu. Hapajawahi kabla ya hapo kurudishwa kwao chura aliyetangazwa kutoweka porini. Nimewahi kuusikia mfano huu katika mikutano ya wasomi wa ughaibuni, ukisemwa kwa sauti laini, na nimeona watu wakifuta machozi.

Mimi nimejizuia. Kwanza, chura hakuomba viza. Pili, mfano huo una jambo ambalo wasemaji wake hulipita haraka: vyura waliobaki nyumbani ndio waliomalizika, na ukoo umeendelea kwa wale 499 waliochukuliwa. Tukiupokea mfano mzima tutakuwa tumesema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angethubutu kulisema mbele ya mama yake, kwamba nyumbani ni mahali pa kufia na sisi tuliotoka ndio mbegu. Mama yangu hakutoka, wala hakutoweka. Yeye ndiye anayejua makaburi yetu yako wapi, na ndiye anayenisahihisha kwa simu ninapolitumia vibaya neno la kwetu.

Aliyenipa njia nyingine ya kuliangalia jambo hili ni fundi wa viyoyozi, kijana wa Mufindi, ambaye alikuja kwangu mwezi wa Septemba, wakati joto la Doha huchanganyika na unyevu mpaka miwani ikafunikwa na ukungu mara tu utokapo mlangoni. Alinipa shikamoo, akapanda ngazi, na aliposikia kwamba naandika kuhusu Kihansi, akacheka akiwa na bisibisi mdomoni.

"Yule chura, Mwalimu, alilipiwa nauli ya kwenda Marekani," alisema. "Mimi baba aliuza ng'ombe wawili ndipo nikafika hapa."

Nilimwambia kwamba chura alirudishwa pia.

"Na kurudi alilipiwa," akasema.

Kwa muda sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alichosema ni kweli. Watanzania wengi wameuliza swali lake kwa namna zao, hasa katika miaka ya mgao wa umeme, kama ule wa 2006 ambapo ukame ulishusha mabwawa na miji ikawa gizani kwa saa nyingi kila siku. Kiasi cha maji kinachoachiwa korongo, kati ya mita 1.5 na 2 za ujazo kwa sekunde, kingeweza kuzalisha megawati zisizopungua kumi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji kwa mwanga wa tochi ana haki ya kuuliza megawati hizo ziko wapi. Msomi anayemjibu kwa neno bioanuwai, kisha akarudi katika chumba chenye kiyoyozi, hajajibu kitu.

Jibu nililompa fundi baadaye, tukinywa chai, lilikuwa hili. Gharama ile kubwa, ya ndege na visanduku na mabomba na maabara, haikuletwa na chura. Ililetwa na mpangilio wa maswali. Korongo lilichunguzwa kwa makini wakati ujenzi ulikuwa umeanza na fedha zimekwisha kukopwa. Laiti swali la nani anaishi hapa lingeulizwa kabla ya swali la megawati ngapi, maji ya manyunyu yangehesabiwa katika mchoro wa kwanza, kama saruji na nyaya zilivyohesabiwa, na huenda pasingekuwa na nauli ya kulipa. Wala si chura peke yake aliyekuwamo. Katika korongo hilohilo kumepatikana mbuni wa mwituni ambao sayansi haikuwa ikiujua, Coffea kihansiensis, na katika zama hizi za maradhi ya kahawa na mabadiliko ya tabianchi hakuna mkulima wa Mbinga au Moshi anayeweza kuudharau jamaa wa mmea unaomsomeshea watoto. Kinachoulizwa kwa kuchelewa huulizwa kwa bei kubwa. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Alijua, kama nilivyojua, kwamba hoja hii haimrudishii baba yake ng'ombe.

Hata hivyo hoja ina upande mmoja ambao methali yetu haikuutabiri. Sehemu ile ya mto imebaki kuwa haki ya korongo kwa mujibu wa kibali cha maji cha mradi wenyewe. Tembo anaendelea kunywa, na anakunywa kwa wingi, lakini kuna sehemu asiyoruhusiwa kuigusa, na aliyemzuia ni chura ambaye kelele zake hazisikiki hata mita chache kutoka kwenye maporomoko. Sijui methali nyingine ya Kiswahili iliyopata kukanushwa kwa mita za ujazo.

Fundi hakuvutiwa sana na methali. Kilichomvutia ni mabomba. Nilimwonyesha picha ya ile miteremko ya kijani yenye safu za vichwa vya kunyunyizia, akaikuza kwa vidole viwili, akaikagua kama daktari anavyokagua picha ya eksirei. Kazi yake ya jioni, nje ya viyoyozi, ni kuzihudumia feni za ukungu zinazopoza wateja wanaokaa nje ya migahawa. Akaniuliza msukumo wa maji unatoka wapi. Nikamwambia maji huteremka yenyewe kutoka juu. Akaniuliza vichwa vinazibwa na nini.

"Hapa kwetu ni chumvi," alisema. "Kule itakuwa mchanga na majani. Ukikaa wiki mbili bila kuvizibua, tone linakuwa kubwa, linaanguka chini palepale. Haliwi ukungu tena."

Nilimwambia kwamba bila shaka wapo watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, huko korongoni.

Alinirudishia simu. "Kutoka kwetu ni karibu," alisema. "Kazi hiyo naijua."